Kuigeuza Mustang kuwa modeli ya sarakasi: mwongozo kamili kuanzia mchoro hadi marekebisho ya angani

Ukichukua mchoro wa ndege ya vita ya miaka ya 1940, ukaupunguza kwa skeli na kuujenga jinsi ulivyo, utapata modeli inayopendeza ikiwa chini na kusumbua ikiwa juu. Ikipunguza mwendo inadondosha bawa moja. Ikiruka kichwa chini miguu juu inataka kusukumwa eleveta (kipande cha mkia kinachoinua na kushusha pua) muda wote. Ukiipeleka kwa ubavu, bawa moja juu na jingine chini, inajibingirisha yenyewe. Shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, limetenganisha kabisa mambo haya mawili: daraja la F4C ni la modeli zinazofuata skeli kwa uaminifu, na F3A ni la sarakasi, ambako urefu wa ndege na wa mabawa hauruhusiwi kuzidi mita 2 na sura ni hiari ya mjenzi. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuona Mustang, ndege ya vita ya Marekani ya miaka hiyo, ikipita mbele yake, huku mikononi akihisi ndege ya F3A.

Inawezekana, kwa sababu jicho na hewa haviangalii vitu vilevile. Jicho linaitambua Mustang kwa mistari michache tu. Hewa haijali mistari hiyo. Inajali umbo la kata ya bawa, ukubwa wa mkia, pembe na uzito. Kazi yetu yote ni kulipa kila mmoja haki yake.

Hatua ya 1: Kuchagua ndege

Hapa nitaifuata P-51D Mustang mwanzo hadi mwisho. Ndege halisi ina mabawa ya mita 11.28 kutoka ncha hadi ncha, urefu wa mita 9.83 na eneo la bawa la karibu mita za mraba 21.8. Mkia wake uko mbali na bawa, na hilo ni jambo la kwanza ambalo sarakasi inalitaka. Kingo za mabawa yake zimenyooka, kwa hiyo ni rahisi kuzikata. Magurudumu yake yana nafasi pana katikati, hivyo haipinduki ovyo kwenye nyasi. Na lile tundu kubwa la hewa lililo chini ya tumbo linaongeza eneo la ubavu, ambalo ndilo linaloibeba ndege inaporuka kwa ubavu.

Wengi watataka Spitfire ya Uingereza, na ninawaelewa. Tatizo lake ni ncha za mabawa zilizochongoka. Katika ndege halisi zilisaidiwa kwa kulisokota bawa: shinani, pale linapoungana na kiwiliwili, limepachikwa kwa digrii 2 juu na nchani nusu digrii chini. Msokoto huo hufanya kazi ukiwa umenyooka. Ukigeuka kichwa chini, unageuka nao na kuwa adui. Basi ukiitaka Spitfire, jenga ile iliyokatwa ncha, ambayo marubani wa Uingereza waliitumia kweli kweli ili ibingirike haraka zaidi. Utapata ncha pana bila kuidanganya historia. Zero ya Japani, yenye mabawa ya mita 12 na mwili mwepesi, nayo ni chaguo zuri. Messerschmitt Bf 109 ya Ujerumani iache kwanza: bawa ni dogo na magurudumu yamekaribiana mno.

Hatua ya 2: Kuutenganisha mchoro

Tafuta mchoro wa pande tatu ulio safi, uchapishe kwa skeli ya 1:8, kisha weka karatasi ya kuangazia juu yake. Kwa kalamu nyekundu, pitia mistari ambayo hutaigusa. Kwa Mustang mimi naihesabu hii: pua ndefu inayoishia kwenye koni ya propela, kioo cha rubani kilichovimba kama povu, tundu la hewa chini ya tumbo, ncha za mabawa zilizokatwa mraba, na pezi la mkia lenye kona kali na ule mgongo mdogo unaolitangulia. Hiyo ikibaki, mtu yeyote aliye umbali wa mita 50 atasema ni Mustang. Mengine yote yachore kwa penseli, maana yatabadilika.

Usione haya kuyabadilisha. Wahandisi wa North American, kampuni iliyoiunda Mustang, wenyewe walifanya hivyo hivyo. Walipokata mgongo wa ndege ili kuweka kile kioo cha povu kwenye P-51D, ndege ilipoteza sehemu ya uthabiti wake wa kushika njia, ndipo wakaongeza mgongo mdogo mbele ya pezi. Baadaye, kwenye P-51H, walirefusha kiwiliwili kwa karibu sentimita 33 na kulipandisha pezi. Kwa skeli yetu, sentimita hizo 33 ni milimita 41. Kumbuka namba hiyo, tutaihitaji.

Hatua ya 3: Bawa

Kwa skeli ya 1:8 bawa linakuwa na urefu wa mm 1,410 na eneo la takriban desimita za mraba 34. Ncha inatoka na upana wa karibu mm 160, na hapo ndipo shida inapoanzia. Hewa haipungui kwa skeli. Namba ya Reynolds, inayoeleza jinsi hewa inavyopita juu ya bawa, hupatikana kwa makadirio kwa kuzidisha 68,500 kwa mwendo wa mita kwa sekunde, kisha kwa upana wa bawa kwa mita. Ndege halisi inapotua, ncha yake iko kwenye mamilioni. Modeli yetu ikienda mita 12 kwa sekunde, ncha ya mm 160 iko kama 130,000 tu. Katika kiwango hicho hewa huachana na bawa mapema na kwa ghafla, na kwa kuwa ncha ndiyo nyembamba zaidi, ndiyo huanza.

Kwa hiyo tunaipanua ncha. Weka shina mm 340 kwenye mstari wa kati wa ndege na ncha mm 185, huku urefu ukibaki mm 1,410. Eneo linapanda hadi desimita za mraba 37. Ukitazama kutoka juu, bawa bado ni la Mustang, kwa kuwa limebaki na kingo zilizonyooka na ncha za mraba. Kingo ya mbele irudi nyuma mm 45 kutoka shina hadi ncha. Upana wa wastani unaotumika kwenye hesabu utakuwa mm 270, nao unakaa mm 318 kutoka mstari wa kati, ambako kingo ya mbele imerudi nyuma mm 20. Ziandike namba hizi ukutani kwenye meza ya kazi, maana kitovu cha uzito kitapimwa kwazo.

Sasa kata ya bawa, yaani umbo unaloliona ukilikata bawa kwa msumeno kutoka mbele kwenda nyuma. Mustang ilijulikana kwa bawa lake la mtiririko laini, lililoundwa kwa mwendo mkubwa. Liache hilo kwenye jumba la makumbusho. Sarakasi inataka kata inayolingana juu na chini, ili ndege isijue tofauti ya kunyooka na kupinduka. Tumia kata sanifu ziitwazo NACA 0012 shinani na NACA 0014 nchani; tarakimu mbili za mwisho ni unene kwa asilimia ya upana. Ndiyo, ncha iwe nene zaidi kwa asilimia, ijapokuwa kwa milimita bado ni nyembamba: mm 41 shinani, mm 26 nchani. Unene huo pamoja na pua ya mviringo ndivyo vinavyoizuia ncha isiiachie hewa mapema. Unaposugua kwa msasa, angalia nusu kipenyo cha pua ya bawa: karibu mm 5.5 shinani na mm 4 nchani. Tengeneza kigezo cha kadibodi kwa kila mojawapo. Wajenzi wengi huisugua pua ya ncha hadi ikawa kali kwa sababu inapendeza, halafu wanashangaa ndege inapodondosha bawa wakati wa kutua.

Usisokote bawa. Weka panda zote mbili, yaani nusu mbili za bawa, juu ya meza tambarare na uhakikishe shina na ncha ziko kwenye pembe moja.

Eleroni, vipande vya nyuma ya bawa vinavyoibingirisha ndege, zichukue robo ya upana wa bawa na zienee kutoka karibu na kiwiliwili hadi nchani. Za ndege halisi ni fupi kwa sababu flapu, vipande vinavyoshushwa wakati wa kutua, zilihitaji nafasi. Sisi hatuna haja ya flapu.

Hatua ya 4: Mkia na urefu wa kiwiliwili

Ningeruhusiwa kubadilisha kitu kimoja tu kwenye ndege yoyote ya vita, ningebadilisha mkia. Bawa la mkia la skeli ni dogo kwa sarakasi, na kosa hilo halirekebishiki kwa rimoti.

Lipe bawa la mkia asilimia 22 ya eneo la bawa kuu, yaani desimita za mraba 8.1: urefu wa mm 520, shina mm 185, ncha mm 127. Eleveta iwe asilimia 40 ya upana huo. Kisha refusha kiwiliwili nyuma ya kioo cha rubani kwa zile milimita 41 za P-51H. Umbali kutoka robo ya mbele ya upana wa bawa kuu hadi robo ya mbele ya upana wa bawa la mkia ufike mm 700. Ukizidisha eneo la mkia kwa umbali huo, ukagawa kwa eneo la bawa mara upana wa wastani, unapata 0.57. Kati ya 0.5 na 0.6 kitanzi kinatoka mviringo na ndege inatulia pale unapoiacha.

Pezi lipanue kwa asilimia 10 hadi 15 pande zote kwa uwiano uleule, ili kona zake zibaki. Usukani unaoning'inia nyuma yake upewe nusu ya eneo lote.

Kimo cha bawa la mkia kina umuhimu pia. Lilete karibu kadiri inavyowezekana na mstari wa mota, na pandisha bawa kuu mm 8 hadi 10 ndani ya kiwiliwili kuliko lilivyo kwenye mchoro. Kadiri bawa, mota na mkia vinavyokaribiana na mstari mmoja, ndivyo ndege inavyopunguza kujivuta juu au chini inaporuka kwa ubavu. Jicho halitaona milimita kumi, hasa tundu la hewa likiwa pale chini kulivuta.

Hatua ya 5: Pembe

Bawa kuu digrii 0, bawa la mkia digrii 0, mota kulia digrii 2 na chini nusu hadi digrii 1. Mwinuko wa mabawa wa Mustang ni digrii 5, ambao kwa panda zetu za mm 705 ungeiinua kila ncha mm 61. Punguza hadi digrii 2, yaani mm 25. Bawa la chini haliwezi kuwekwa sifuri kabisa kama la katikati, lakini digrii 5 zitaifanya ndege ijibingirishe kila unapogusa usukani.

Hatua ya 6: Uzito na nguvu

Lengo ni kilo 1.8 ikiwa tayari kuruka, ambayo ni gramu 49 kwa desimita ya mraba. Ikizidi kilo 2.1 utakuwa umejenga ndege ya kupitapita tu. Gawa uzito kabla hujakata ubao wa kwanza: betri ya lipo ya seli 4 na mAh 3,300 gramu 340, mota gramu 160, kidhibiti mwendo cha ampea 60 gramu 60, servo nne (mota ndogo zinazosukuma eleroni, eleveta na usukani) gramu 90, propela na koni gramu 60, risiva na nyaya gramu 40, magurudumu na miguu gramu 120. Zinabaki gramu 930 kwa mwili wote pamoja na rangi. Pima kila kipande kwenye mizani ya jikoni, na kila unachokiongeza kilipiwe kwa kitu unachokitoa.

Mota yenye kv 850 (mizunguko kwa dakika kwa kila volti) na propela ya inchi 12 kwa 6 itatoa wati 500 na kitu, kiasi cha kupanda wima bila kuchoka. Thibitisha kwa kipima wati, na usizidi ampea ambazo mota na kidhibiti vimeruhusiwa.

Wasomaji wa Nairobi, Arusha au Nakuru wazingatie hili. Kwenye mwinuko wa mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam, na joto la mchana huipunguza zaidi. Propela ileile inavuta kidogo, na mwendo wa kutua unapanda kwa asilimia 8 hivi. Huko juu ongeza inchi moja ya propela, ukipima ampea upya, na uchukulie kilo 1.8 kuwa kikomo.

Hatua ya 7: Kujenga

Balsa ikipatikana, mbavu za mm 2 na ngozi ya mm 1.5 zinatosha. Isipopatikana, povu gumu la kuhami joto linalouzwa kwa mbao nzima kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi linakatika vizuri kwa waya wa moto, na vigezo viwili vya plaiwudi, cha shina na cha ncha, vinakupa bawa zima kwa mkupuo mmoja. Pitisha bomba la kaboni la mm 10 kwenye unene mkubwa wa bawa, kisha lifunike kwa karatasi ngumu au kitambaa chembamba cha nyuzi za kioo na epoksi. Kabla ya kumimina epoksi, pima gramu zake. Gundi ndiyo inayoua modeli nyingi za povu kwa uzito.

Kiwiliwili kijenge kama sanduku la plaiwudi ya mm 3 iliyotobolewa, kisha mviringo wa Mustang uwekwe juu yake kwa povu. Ubao wa mota uushikilie kwa epoksi na vipande vya pembetatu.

Tundu la hewa lisiwe pambo. Lifungue, lipitishe hewa hadi kwenye betri na kidhibiti mwendo, na mlango wa kutokea uwe mkubwa kuliko wa kuingilia mara moja na nusu au zaidi, la sivyo hewa inakwama ndani na betri inachemka. Lipachike kwa sumaku au skrubu za plastiki ili likigonga chini ling'oke bila kupasua tumbo. Kioo cha rubani nacho kiwe kifuniko cha betri.

Miguu ya kukunja inavutia, ila ni mizito na haivumilii viwanja vyetu vyenye mashimo. Waya wa chuma wa mm 4 uliopachikwa mbele kidogo ya kitovu cha uzito, unaotoka kwa skrubu mbili, unatosha.

Hatua ya 8: Rangi

Kwenye sarakasi lazima ujue kwa nusu sekunde kama ndege imekuonyesha mgongo au tumbo. Mustang imekurahisishia. Juni 1944, kwa ajili ya uvamizi wa Normandy, ndege za Washirika zilipakwa mistari mitano, mitatu myeupe na miwili myeusi, na kwenye ndege za injini moja kila mstari ulikuwa na upana wa inchi 18. Baadaye mistari ya juu iliondolewa, ya chini ikabaki. Ipake tumboni peke yake, kila mmoja mm 57, na utakuwa sahihi kihistoria huku macho yako yakipumzika. Kwa mkia, chagua ule mwekundu wa Kundi la 332, la marubani Weusi wa Marekani waliofunzwa Tuskegee. Unaonekana hata mawingu yakiwa ya kijivu, na ni historia inayostahili kurushwa.

Fedha tupu, rangi maarufu ya Mustang, hupotea angani. Ukiipenda, iweke juu ya kiwiliwili tu.

Hatua ya 9: Kitovu cha uzito na mienendo ya rimoti

Mustang halisi ilikuwa na tangi la galoni 85 nyuma ya rubani. Likiwa limejaa, kitovu cha uzito kilirudi nyuma mno na ndege ikawa hatari kuigeuza kwa nguvu, hivyo marubani walilitumia kwanza kabla ya kukutana na adui. Modeli yako ina ugonjwa huohuo ukiweka betri nyuma. Anza mm 90 nyuma ya kingo ya mbele ya shina, sawa na asilimia 26 ya upana wa wastani, na baada ya majaribio sogea hadi mm 96 au 100.

Eleroni ziende mm 14 juu na chini, eleveta mm 15, usukani digrii 30. Punguza ukali wa katikati ya kijiti kwa asilimia 30. Propela iwe imetolewa muda wote unapopanga rimoti mezani.

Hatua ya 10: Kuirekebisha angani

Uliza kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi yako kuhusu ruhusa na mahali pa kurushia. Asubuhi yenye upepo mdogo ndiyo yake. Ruka mizunguko miwili mitatu ya kawaida, irekebishe inyooke, kisha panda juu sana na uipunguze mwendo polepole mpaka bawa liachie hewa. Ikiinamisha pua bila kuegemea upande, umejenga vizuri. Ikidondosha ncha, rudi mezani ukaizungushe zaidi pua ya ncha hiyo kwa msasa.

Kisha fuata mpangilio huu, na usiruke kipimo.

Kitovu cha uzito: panda kwa digrii 45, igeuze kichwa chini, achia vijiti. Pua ikianguka haraka, rudisha betri nyuma mm 3. Ikipanda yenyewe, isogeze mbele.

Mota: ipeleke wima kwa nguvu zote. Ikivuta kushoto, ongeza pembe ya kulia kwa washa nyembamba nyuma ya mota, upande wa kushoto. Usiirekebishe kwa usukani, maana marekebisho hayo yatakusumbua mota ikizimwa.

Kuteremka: zima mota na uishushe wima. Ikijivuta kuelekea kioo cha rubani, bado ni nzito mbele. Ikielekea tumboni, betri imerudi nyuma kupita kiasi.

Ubavu ndio wa mwisho, nao ndio unaoonyesha kama yale mabadiliko ya penseli yalifaa. Ilaze kwa ubavu, ishikilie kwa usukani. Ikijibingirisha upande uleule wa usukani, mwinuko wa mabawa umezidi. Upande wa pili, umepungua. Kiasi kidogo kinafutwa kwa mchanganyiko kwenye rimoti, yaani rimoti isogeze eleroni kidogo yenyewe kila unapogusa usukani. Ikivuta kuelekea kioo au tumbo, changanya eleveta asilimia 3 hadi 5. Ikihitaji zaidi ya 10, pima upya kimo cha bawa la mkia kabla ya kuongeza namba yoyote kwenye rimoti.